Sentensi Niliyomnyima Mtafsiri wa Sinema

Habari ilinifikia Jumatano asubuhi nikiwa nimeinamia cherehani yangu hapa Bungoma, pindo la sketi ya shule likiwa limefika nusu. Aliyepiga simu ni mama mmoja anayeuza mandazi kule Kipsongo, Kitale, mkabala na palipokuwa na ukumbi wa video zamani. Hakunisalimia. "Yule mtu wa sinema ametuacha," alisema. "Ati ni kifua. Amelazwa siku tatu, ya nne akaenda." Nilimuuliza ni mtu gani wa sinema, ingawa moyo ulikuwa umeshanijibu. "Si yule uliandika kwa gazeti?" akasema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote, ndiyo maana ilinichoma zaidi. Nikampa pole kana kwamba aliyefiwa ni yeye, nikakata simu, nikaendelea kushona. Jioni mwenye sketi aliirudisha akicheka: pindo nilikuwa nimelikunjia nje.

Nyinyi mnaosoma safu hii kila wiki mnajua kwamba huwa sitaji majina. Leo pia sitataja la mtu yeyote, na la marehemu nitaliacha lipumzike naye, ingawa wengi wenu wa Kitale mtamjua kabla hamjafika katikati ya ukurasa. Hakuwa rafiki yangu. Alikuwa mtu niliyemfahamu, tukisalimiana tukikutana, na mtu aliyenichekesha mara nyingi kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Mimi huandika kwa woga. Shule yangu iliishia kidato cha pili, na hadi leo nikishika kalamu nahisi nimekalia kiti cha mtu aliyetoka nje kidogo, ambaye atarudi aniambie niondoke. Leo woga huo umezidi, kwa sababu nina jambo ambalo nilipaswa kulisema alipokuwa hai. Nitajitahidi nisimpunje mtu yeyote, hata mimi mwenyewe, ijapokuwa upande wangu ndio mbaya.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuingia pale, ukumbi wenyewe ulikuwa wa mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, mabenchi marefu yasiyo na mgongo, televisheni moja juu ya meza na jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Tulikuwa tukienda Jumapili alasiri, tukitoka kanisani, wengine bado na Biblia mkononi. Sinema zilitoka India, Ufilipino, Nigeria na nchi nyingine ambazo hatukuweza kuzionyesha kwenye ramani. Yeye aliketi kwenye kigoda kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akitutafsiria. Nasema akitutafsiria, lakini Kihindi hakujua hata neno moja. Kila Jumamosi alijifungia peke yake akaitazama sinema ya kesho mara mbili, sauti ikiwa imezimwa. Niliwahi kumuuliza kwa nini aizime. "Nikisikia maneno yatanichanganya," alisema. "Mimi natafsiri uso, dada. Uso hauna kabila."

Sinema za vita alizitafsiri kwa uvivu, "anapiga, huyu naye anapiga," akipiga miayo. Lakini akiweka sinema ya vijana wawili wanaoanza kupendana, yule mtu alikuwa mwingine. Namkumbuka Jumapili moja, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, wakati huo nikiishi Kitale. Kwenye kioo, msichana wa Kihindi ameangusha vitabu vyake mbele ya chuo kikubwa, na kijana ameinama kumwokotea. Wameshika kitabu kimoja wote wawili, hakuna anayeachilia.

"Msichana anasema," akaanza yeye taratibu, "asante, lakini usiniangalie hivyo, mimi nimetumwa maji na mama. Kijana naye anasema, hata mimi nimetumwa, nafuata ng'ombe."

"Ng'ombe iko wapi, bana!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Iko nyuma ya hiyo gari nyeupe. Wewe umekaa vibaya, huwezi ona."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na nyuma kweli kuna mtu alisimama kuchungulia. Kisha kwenye kioo kijana akatoa ua, na msichana akakunja uso kidogo kabla ya kulipokea. Hapo ndipo mtafsiri alipoweka lile swali lake, ambalo aliliweka katika kila sinema, iwe ya Manila au ya Lagos. "Kabla sijashika hiyo maua, kijana, niambie kwanza: nyinyi ni watu wa ukoo gani? Na mama yako walimtoa wapi?" Kwetu, uwe wa tambarare za Bungoma au wa huko juu mlimani, wa ukoo mmoja hawaoani, na ukoo wa mama nao huulizwa, kwa hiyo ukumbi ukanyamaza kabisa. Kijana kwenye kioo aligeuza kichwa pembeni, kama waigizaji wanavyofanya upepo ukiwapiga nywele. "Anafikiria," mtafsiri akanong'ona. "Anaogopa asije akawa ni dada yake." Mama mmoja mbele yangu akashika kifua. Kijana alipogeuka na kutabasamu, mtafsiri akatangaza kwamba koo ni tofauti kabisa, hata mito ya kunywesha mifugo ni tofauti, na watu wakapiga makofi kama waliosikia majibu mazuri kutoka hospitali.

Na kulikuwa na leso. Alikuwa nayo mabegani, ya rangi ya chungwa, iliyofifia. Nyuso mbili kwenye kioo zikianza kukaribiana, aliinuka bila haraka, akaikunjua, akaitandika juu ya televisheni. Muziki ukaendelea chini yake.

"Funua! Funua!" vijana wakapayuka.

"Hapa wanaomba."

"Wanaomba aje na macho wazi?"

"Wewe ukiomba unafunga macho? Ndiyo sababu unaibiwa kuku."

Hakuwahi kufunua kabla ya wakati. Nilikaa kwenye mabenchi yale Jumapili nyingi, sijui ngapi, na sikuona hata siku moja leso ikichelewa. Sentensi hiyo naomba muisome tena, kwa maana ndiyo sentensi yenyewe inayonifanya niandike leo.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichotuvuta pale. Wahubiri walisema ni tamaa, lakini tamaa haimlizi mtu mzima. Nimeona wanaume waliobeba magunia ya mahindi wiki nzima, vumbi bado kwenye nyusi, wakipangusa macho kwa sababu msichana kwenye kioo amekubali kutembea na kijana upande uleule wa barabara. Ukiwatazama walisema ni jenereta, moshi. Nadhani kilichotuvuta ni kwamba wale wawili walikuwa bado hawajapiga hesabu yoyote. Kijana hajui atakula nini mwaka ujao na wala hajajiuliza. Msichana anacheka akificha meno kwa kiganja, na hajui kwamba kuna watu watakaokaa kikao kumjadili. Wana aibu, na aibu yao ni nzuri, si ile ya kushikwa na kosa, ni ile ya kuguswa mkono kwa mara ya kwanza ukakumbuka kwamba una mkono. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi tulikuwa tumeshapita hapo, au tulipitishwa kwa haraka, au hatukupelekwa kabisa. Niliolewa na mtu mzuri ambaye hakuwahi kuniokotea kitabu, na simlaumu, sikuwa na vitabu. Lakini kwa zile saa mbili za Jumapili nilikuwa navyo.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Wapo waliotoka pale wakiwa wamelia kwa huruma, wakafika nyumbani wakawapiga wake zao. Wapo watoto wa shule waliotoroka vipindi siku za katikati ya wiki wakaenda pale. Waliovaa sare aliwafukuza, lakini waliobadilisha nguo hakuwajua, au alijifanya hakuwajua. Na yeye mwenyewe alidanganya. Sinema ikiwa na mwisho mbaya aliikata kabla haijaisha, akatumalizia kwa mdomo: walioana, wana watoto wanne, ng'ombe wa maziwa, mvua ilinyesha vizuri. Siku moja kijana mmoja aliazima kanda mojawapo, akaitazama hadi mwisho kwa binamu yake, akakuta msichana amekufa kwa homa. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu wote. "Wewe ni mwongo! Msichana alikufa! Si alizikwa, nimeona kaburi!" Yule bwana alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Sasa hiyo kaburi imekusaidia nini?" akamuuliza. Tulicheka, lakini mpaka leo sijui nani alikuwa na haki. Ukizoea kukatiwa sinema mahali pazuri, unaweza kudhani maisha nayo yana mtu wa kuyakata.

Sasa nifike kwa mdogo wangu. Nimemuomba ruhusa. Aliniambia, "Andika yako. Yangu uniachie." Kwa hiyo nitaandika yangu.

Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba. Yeye alimaliza kidato cha nne, akapata kazi ya kusuka nywele Kitale, na kama mimi zamani, Jumapili alikwenda kwenye ukumbi. Mambo yalikuwa yamebadilika kidogo, kanda zimekuwa sidii, lakini mtafsiri ni yuleyule na kigoda ni kilekile. Huko benchini alikutana na kijana mmoja mbeba magunia. Alinisimulia mwenyewe, akicheka mpaka machozi, jinsi kijana alivyomsogezea nafasi na yeye akamgeukia, katikati ya sinema, akamuuliza kwa sauti ile ya kipaza sauti: "Kabla sijakaa hapo, nyinyi ni watu wa ukoo gani?" Watu waligeuka. Kijana wa watu akajibu bila kutania, ukoo wa baba, ukoo wa mama, na wa bibi pia. Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha rahisi namna ile, na nitakiri kwamba ilinikera. Nilijiambia nakereka kwa sababu kijana hana kazi ya maana. Leo sina hakika.

Na kijana alifanya mambo kwa utaratibu. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, alikuja kwetu Bungoma akiwa na baba yake mdogo na shangazi yake, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Mnajua watu wa namna hiyo wakija wanavyopokewa. Hata kama umeamua kukataa, unawakaribisha ndani, wanakaa, wanakunywa chai, ndipo unasema unalotaka kusema. Kumwacha mshenga amesimama ni kumwambia si mtu. Mimi nilisimama mlangoni, mkono mmoja huku na mwingine kule, kama mwenye duka anayefunga.

"Mulembe, mama," baba mdogo akasalimia kwa lugha ya nyumbani, amevua kofia. "Tumekuja na neno la heri."

"Mulembe. Wanaume wetu hawapo. Mrudi siku nyingine."

"Siku gani, mama?"

"Siku nyingine."

Kaka yetu, anayenifuata kwa kuzaliwa, alikuwa uani akinyoa ndevu, redio ikisikika. Shangazi yule alisikia redio. Aliniangalia, akaangalia viatu vyake vilivyokuwa na matope ya kutoka stendi, na akasema kwa upole, "Twende, baba. Hapa hakuna viti." Mdogo wangu alikuwa jikoni amevaa nguo niliyomshonea mwenyewe, na maji ya chai yalikuwa yamekwisha chemka.

Wiki mbili baadaye alikwenda mwenyewe kwa kijana, bila mtu wa kumsindikiza, na wakaishi Kipsongo kwenye chumba kimoja. Waliishi miaka mitatu. Kijana alianza kuvuka mpaka pale Lwakhakha kufanya biashara ya nguo kuukuu, akawa anakawia, halafu siku moja akakawia moja kwa moja. Wanasema ana mji upande wa pili. Upande wake siujui, hakuna aliyewahi kumuuliza, na inawezekana hata kama ningempa kiti na chai angekwenda vilevile. Inawezekana pia mtu aliyeingia kwa mlango anajua kuna mlango wa kurudi kuja kulalamika, na aliyeingia kwa dirisha hana. Sijui. Mdogo wangu alirudi kwangu na mtoto mgongoni, na mwezi ule nikaandika.

Baadhi yenu mnaikumbuka safu hiyo. Ilichukua ukurasa mzima. Niliandika kwamba kuna ukumbi fulani Kipsongo ambako watoto wetu wanafundishwa mapenzi na mtu asiye na mke, kwamba "wanaonyeshwa watu wakibusiana mchana kweupe huku yeye akiwachochea," na kwamba binti mmoja wa nyumba ya heshima ameharibikiwa kwa sababu yake. Sikumtaja jina. Nilidhani kutotaja jina ni haki. Mpaka leo hakuna safu yangu iliyopata barua nyingi kama ile. Nilipoandika yale maneno kuhusu kubusiana nilijua si kweli, kwa sababu nilikuwa nimeiona leso kwa macho yangu. Nilijiambia miaka imepita, pengine siku hizi hafuniki. Wiki ile nilikuwa Kitale kununua vitambaa, na kutoka dukani mpaka ukumbini ni mwendo wa dakika kumi. Sikwenda kuangalia. Niliogopa kukuta bado anafunika.

Wazazi walikata ukurasa ule wakaubandika kwenye mlango wa ukumbi. Baada ya muda mfupi tu mkutano uliitishwa, mwenye jumba akaogopa, mabenchi yakatolewa. Jumba sasa ni ghala la mbolea. Mtafsiri alikaa bila kazi kwa muda, kisha akapata kibarua cha kupanda nyuma ya pikapu yenye spika mbili, akitangaza mbegu za mahindi sokoni na vijijini. Huko ndiko nilikomkuta, kwenye soko la Kitale, kama mwaka mmoja baadaye. Nilisikia sauti kabla ya kumwona, nikataka kupinda nyuma ya mabanda ya vitunguu, lakini spika ikaniwahi.

"Dada mwandishi! Kalamu bado iko na wino?"

Watu wakacheka. Akaruka chini, akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa na unga wa dawa ya mbegu. Amekonda. Aliuliza habari za nyumbani, na alipomuulizia mdogo wangu alimuulizia kwa kweli, akangoja jibu. Kisha akaniambia, akitazama pembeni kama yule kijana wa Kihindi aliyekuwa akitutafsiria:

"Ile yako nilisoma. Ilikuwa na Kiswahili kizuri."

"Nilikuwa na hasira," nikasema.

"Ni sawa. Mengine siwezi kataa, kweli sina bibi, na watoto walikuwa wanakuja. Lakini hapo kwa kubusiana ulikosea. Mimi nilikuwa nafunika. Si unajua nilikuwa nafunika?"

"Najua."

"Basi rekebisha hapo tu. Mstari mmoja. Si ya mimi, ni ya mama yangu. Kule kanisani kwao waliisoma kwa kikundi, wakamtoa uongozi wa akina mama. Ati anazaa watu wa uchafu. Mama hawezi soma vizuri, lakini akisomewa na hao hao, atatosheka."

Nilimwambia wiki ijayo. Nilisema hivyo nikimwangalia machoni, na wakati ule nilimaanisha. Dereva akapiga honi, akapanda, na nikamsikia akiendelea na mbegu zake: zinavumilia ukame, zinakomaa mapema.

Wiki iliyofuata barabara ya kuelekea mlimani ilikatika, nikaandika barabara. Iliyofuata nikaandika bei ya mahindi. Huwa naweka shajara, ndiyo iliyonifanya niwe mwandishi, na humo nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Rekebisha ile ya sinema." Mwaka ulipoisha nikahamishia kwenye shajara mpya. Mwaka uliofuata tena. Nimezitoa zote wiki hii na kuzipanga kwenye meza ya kushonea. Ziko sita. Katika kila moja, ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko unaozidi kuwa mzuri, nimeandika maneno yaleyale manne. Nilikuwa na sababu. Kurekebisha mstari mmoja kungemfanya msomaji aulize, kama hapo alidanganya, mengine je? Na mengine yalikuwa na mlango wangu ndani yake.

Tulimzika Jumamosi, nyumbani kwao, ukipanda kuelekea Kapsokwony. Pikipiki iliniacha chini ya mteremko wa mwisho kwa sababu ya utelezi, nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wengi wao wa Kipsongo, wale wanaume wa magunia, sasa wana mvi. Mwongoza shughuli akauliza, "Marafiki wa Kitale, nani atasema kwa niaba yenu?" Yule mama wa mandazi akanisukuma begani. "Wewe si ndiye wa maneno? Simama." Nikasimama. Mbele yangu walikaa akina mama wa kanisa lao, vitambaa vyeupe kichwani, kikundi kizima, wale wale ambao marehemu alitaka wasome. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Nikasema marehemu alikuwa mcheshi, alipenda watu, Mungu amlaze mahali pema. Nikakaa.

Baada ya udongo nilimtafuta mama yake. Nilimkuta nyuma ya nyumba ameketi kwenye ngozi, mwanamke mdogo wa mwili, macho makavu. Nikapiga magoti.

"Wewe ndiye yule wa gazeti," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Ndiyo, mama."

"Nimesikia ukisema alikuwa mcheshi."

Nikamwambia yote, kwa haraka, kwa sauti ya chini, kwa sababu watu walikuwa wakipita na sahani. Nilimwambia kwamba mwanawe hakuonyesha uchafu, kwamba nilijua tangu mwanzo, kwamba aliniomba mstari mmoja nikamnyima miaka sita. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alinyoosha ukingo wa ngozi kwa kidole.

"Mimi nilimzaa," akasema. "Unaniambia mimi nini? Ile ya kwanza uliambia watu wote, hii unaniletea kwa sikio, nyuma ya nyumba." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Enda uambie wale uliowaambia."

Nimemuomba mhariri ukurasa uleule, mahali palepale, herufi za ukubwa uleule. Basi: mtu niliyemwandika miaka ile hakuonyesha watoto wala wakubwa watu wakibusiana. Alifunika kila mara, nami nilijua. Hakumharibu binti wa nyumba yoyote ya heshima. Binti huyo na kijana wake walifuata kila hatua waliyofundishwa kwenye yale mabenchi, mpaka wakafika kwenye mlango uliokuwa na mimi.

Najua wengi walioisoma ile ya kwanza hawataisoma hii. Wengine wamehama, wengine wamekufa, wengine siku hizi hawanunui gazeti, wanatazama sinema zao kwenye simu, kila mtu na kioo chake na sikio lake, bila wa kuwauliza swali lolote katikati. Sisemi ni vibaya. Angalau wanaiona mpaka mwisho. Lakini nasikia wazazi wenzangu sokoni wakiilaumu simu kwa sauti ileile niliyoulaumia ukumbi, na huwa nanyamaza, kwa sababu nimeshatumia haki yangu ya kulaumu. Ninaloweza kuwapa ni hili tu, nalo nimelipata kwa bei ambayo alilipa mwingine: ukitaka kumjua aliyewaharibia vijana wa nyumba yako upendo wao, usianze na mtu aliyewasimulia kwamba upendo upo. Anza na siku waliyokuja kukuambia wameupata, ukumbuke wewe ulisimama wapi. Na ukikuta ni wewe, sema upesi, mbele za watu, wakati anayehitaji kusikia bado ana masikio.